Ni Nani Huifundisha Mashine Jema na Baya?

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo, “Mashine yaweza kufundishwa jema na baya.” Mimi nilisema kwa upande wa waliokubali, nami nilishindwa. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akaniuliza, “Je, ni nani aliyeifundisha?” Nikakosa jibu. Tangu siku ile nimesoma na kuwauliza walimu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Akili mnemba ni programu za kompyuta ziwezazo, pamoja na mambo mengine, kujibu maswali kwa lugha ya watu. Programu hizi hazina mama wala babu wa kuzionya. Hapana budi watengenezaji wazifunze, nao hutumia njia kama tatu.

Njia ya kwanza ni amri. Mwaka 1942 mwandishi Isaac Asimov alitoa hadithi ambamo mashine zimewekewa sheria tatu, na ya kwanza ni kutomdhuru mtu. Amri ni nzuri, lakini hazitoshi. Wazee wetu wa Nyegezi wanakumbuka kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Basi tuseme tumeiamuru mashine, “Usijibu swali lolote la sumu.” Mvuvi mwovu atanyimwa jibu, na hilo ni jema. Lakini mama ambaye mwanawe amekunywa dawa ya pamba naye atanyimwa, hata kuambiwa amkimbize mtoto hospitali. Neno ni lile lile, bali nia ni mbali mbali.

Njia ya pili ni mifano. Watu husoma maandishi mengi na kuyatia alama, hili linafaa, hili halifai, na mashine hujifunza kutokana na alama zile. Hapa ndipo nilipopata jibu la yule msichana. Mwaka 2021 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliipa kazi ya namna hii kampuni ya Sama, na waliofanya kazi yenyewe ni Wakenya, huko Nairobi. Walisoma habari za ukatili na za aibu siku baada ya siku, ili mashine iweze kuyatambua maovu hayo. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza kwamba walipata baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na kwamba baadhi yao walisema kazi ile iliwaumiza moyoni. Tunapoisifu ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, kwa kujibu kwa adabu, tuwakumbuke jirani zetu hao.

Njia ya tatu ni kanuni zilizoandikwa kama katiba. Mwaka 2022 kampuni ya Anthropic ilieleza jinsi mashine inavyopewa kanuni, ikapima jibu lake yenyewe, kisha ikalisahihisha, mfano wa mwanafunzi anayeipitia insha yake kabla ya kumpa mwalimu. Lakini hata kanuni hizo huandikwa na watu.

Kwa hiyo wema wa mashine ni wa kuazima. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mashine ni vivyo hivyo. Shida yetu ni kwamba maandishi ya Kiswahili inayojifunzia ni machache sana kuliko ya Kiingereza. Tusipoandika wenyewe jinsi tunavyomheshimu mzee, tunavyogawana samaki, na tunavyosuluhisha ugomvi, itatujibu kwa desturi za wengine. Tena, tuitumie kama mshauri tu. Ikikosea, atakayelaumiwa mbele ya mzazi na mwalimu ni mimi na wewe, si yenyewe.

Hoja ile ikirudi muhula ujao, nitakubali tena, na yule msichana nitamjibu: watu waliifundisha, wengine kwa ujira mdogo, na kazi haijaisha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne