Wanafunzi walemavu hawaombi kubebwa, waombalo ni njia

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo kikuu kimoja humu nchini, nilizoea kumwona mwanafunzi wangu akiletwa darasani mgongoni mwa wenzake. Ukumbi ulikuwa orofa ya tatu, lifti ilikuwa imeharibika zamani, nacho kiti chake cha magurudumu kilibaki chini ya ngazi. Niliwasifu wenzake kwa utu wao, kisha nikaendelea na mhadhara. Naona haya kukiri kwamba sikuwahi kumwuliza mwenyewe alivyojihisi.

Siku moja ya mtihani wenzake hao walikuwa na mtihani kwingine. Nilipoteremka na karatasi zilizokwisha kukusanywa, nilimkuta chini ya ngazi. Aliniambia kwa utulivu kwamba mtihani haukumshinda. Ngazi ndizo zilizomshinda. Aliufanya mwaka uliofuata.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, vyuo vyetu haviwezi kudai kwamba havikuambiwa. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka wa 1946. Mwaka wa 2008 Kenya iliuidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 nacho kinawapa haki ya kutendewa kwa heshima, kufikia taasisi za elimu, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya breli.

Wakuu wa vyuo hulalamika kwamba fedha hazitoshi. Nakubali kwamba lifti ni ghali. Lakini je, kumwuliza mwanafunzi mahitaji yake siku anapojisajili kunagharimu nini? Kumpa asiyeona maandishi ya somo mapema, ili yachapishwe kwa breli au asomewe na kompyuta, kunahitaji hazina gani? Mhadhiri anayezungumza huku ameupa ubao uso na kumpa mgongo mwanafunzi kiziwi hawezi kusingizia umaskini.

Baada ya kisa kile niliomba darasa langu lihamishiwe orofa ya chini. Ratiba ilibadilishwa asubuhi moja tu. Juma lililofuata kijana yule alijiendesha mwenyewe, akatangulia wenzake wote, akaketi mbele.

Hujafa hujaumbika, ndugu msomaji. Kazi ya asubuhi moja ilitusubiri miaka miwili kwa sababu hakuna aliyeuliza, nami nilikuwa miongoni mwao.