Moto wa motere katika safari ndefu ya pikipiki

Ndugu mutumikaji, ukitoka Kolwezi na pikipiki kwenda kuangalia wazazi Lubumbashi, unapita Likasi, na safari yote ni kilometa 300 hivi. Katika mwezi wa kenda na wa kumi, mbele ya mvua kuanza vizuri, jua ni kali na barabara yenyewe inarudisha moto. Wengi wakifika hawalalamiki juu ya mugongo tu. Wanasema motere iliwachoma miguu njia yote.

Moto huo unatoka wapi? Katika litre 4 za esansi, kazi ya litre 1 hivi ndiyo inasukuma gurudumu. Nyingine yote inakuwa moto: sehemu moja inatoka na moshi, ingine inapita katika chuma cha motere. Pikipiki zetu ndogo nyingi hazina radiatere. Upepo ndio unazipoza, ukipita kati ya vile vibawa vyembamba vya chuma kandokando ya silinda. Basi ukisimama nyuma ya malori, pale wanapolipisha barabara, na motere inaendelea kunguruma, upepo hakuna tena, na moto wote unapanda kwenye mapaja yako. Zimisha motere. Hata pikipiki kubwa za safari zinasumbua hivyo: zile zenye radiatere, ventilatere yake inasukuma hewa ya moto kwenye miguu. Harley-Davidson ya Marekani iliweka katika pikipiki zake kubwa namna ya kuzimisha silinda ya nyuma wakati mutu amesimama, sababu wenye kuziendesha walikuwa wanaungua mapaja.

Sasa, kosa ninaloona mara nyingi ni hili: mutu akisikia moto, anakunja pantalo mpaka magoti, anavua viatu vya kazi na kuvaa kambambili. Anafikiri anapata baridi. Lakini chuma chenye digri 70 kinaunguza ngozi kwa sekunde 1 hivi, na tuyo ya moshi karibu na motere inapita digri hizo mbali sana. Moto unapunguzwa kwenye mashini, haupunguzwi kwa kuvua nguo. Vaa pantalo ndefu ya pamba nzito na viatu vinavyofunika kifundo cha muguu. Nguo za nailo haifai, zinayeyuka na kushikamana na ngozi.

Mbele ya safari, angalia mafuta ya motere: yakipunguka, motere inawaka moto kupita kiasi. Osha vibawa, lakini motere ikiwa imepoa; vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta linavifunika sawa blanketi. Zungusha magurudumu kwa mukono, ujue kama freni haikamati. Usitundike mufuko wa bunga wala wa makala pahali unapozuia upepo wa motere, na bidoni ya esansi isikae kamwe karibu na tuyo. Tena kuna kile kifuniko cha chuma juu ya tuyo. Vijana wanakitoa ili pikipiki ionekane nzuri! Kirudishe. Kama pikipiki inachoma kuliko zamani, na nguvu imepunguka, mupelekee fundi aangalie karbiratere na buji.

Wamama, neno hili ni lenu pia. Kwa pikipiki nyingi tuyo iko upande wa kuume. Pandia na shukia upande wa kushoto, hata kama una mutoto mugongoni. Ndani ya kikwembe vaa pantalo. Na pikipiki ikiisha kufika nyumbani, isisimame pahali watoto wanapochezea. Tuyo inabaki ya moto wakati motere imekwisha kunyamaza, na mutoto hajui.

Mutu akiungua, mwangie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ndiyo, 20, angalia saa. Kama ulikuwa mbali na maji, fanya vile hata kiisha masaa 2 au 3, bado inasaidia. Barafu hapana. Dawa ya meno, yai, mafuta ya mawese, vazilini, hapana: vinafungia moto ndani na kuleta uchafu. Vua kiatu mbele muguu haujavimba, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi, kisha njoo dispansari, zaidi kama kidonda kinapita ukubwa wa kiganja cha mwenye kuungua, kama kiko kwenye kifundo, kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi, au kama aliyeungua ni mutoto ao mutu wa ugonjwa wa sukari. Leta karatasi ya chanjo, tuone sindano ya tetanosi.

Juu ya mwili wote: usiondoke kiisha kazi ya usiku bila kulala. Kunywa maji mbele ya kuondoka, na kila saa simama kwenye kivuli unywe tena. Bia haihesabiwi. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, moyo wa kutapika, simama palepale, fungua koti, lowanisha shingo na kichwa. Kama mwenzako anaanza kusema maneno yasiyo na maana, ao mwili wake unawaka moto, usimungojee apone: mwangie maji mwili muzima, mupepee, na utafute motokari ya kumupeleka hospitali ya karibu. Usimupandishe tena kwenye pikipiki.