Jua Ndani ya Jani: Nguvu ya Mifugo Inatoka Wapi na Inakwenda Wapi



Mwezi wa Machi ng'ombe wako hula kwa saa chache tu, kisha analala kivulini akicheua, ngozi inang'aa. Mwezi wa Septemba ng'ombe huyohuyo anashinda malishoni tangu asubuhi, anarudi jioni tumbo limejaa, lakini mbavu zinahesabika. Tumbo limejaa mara zote mbili. Kilichopungua ni nguvu iliyomo ndani ya jani, na asili ya nguvu hiyo ni jua.

Jani bichi ni kama jiko. Maji hupandishwa na mizizi, na hewa ya ukaa huingia kwa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Ile rangi ya kijani hunasa mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo jani hutengeneza sukari. Oksijeni hubaki na kutoka nje, ndiyo tunayoivuta sisi na mifugo. Shuleni kazi hii inaitwa usanisinuru; mwanao aliye sekondari atakuchorea. Sukari hiyo ndiyo mwanzo wa vyote: mmea huigeuza kuwa wanga kwenye muhogo, mafuta kwenye korosho, na nyuzi ngumu kwenye bua la majani yaliyokomaa.

Jambo ambalo wengi hatulifikirii ni kwamba mmea nao unapumua. Jani, shina na mizizi, usiku na mchana, hutumia oksijeni kuchoma sehemu ya sukari ili kupata nguvu ya kuishi na kukua. Ukitaka kuliona hili kwa macho, nenda ufukweni kwenye mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, utazame mti wa mchu maji yakiwa yamekupwa. Mizizi yake imechomoza juu ya tope kama vijiti vilivyopandwa kwa mamia. Tope lile halina hewa, kwa hiyo mti umeipandisha mizizi ikapumue juu. Kundi la ng'ombe likipita hapo na kuivunja, mti unadhoofika hata kama hakuna jani lililoliwa. Na mikoko inalindwa kisheria, kwa hiyo usipeleke mifugo huko.

Turudi malishoni. Nyasi ikiliwa hadi chini, jiko limeondolewa. Mmea hauna majani ya kutengeneza sukari, lakini mizizi inaendelea kupumua. Hapo hutumia akiba iliyowekwa kwenye kitako cha shina na mizizi ili kutoa majani mapya. Mifugo ikirudi baada ya siku chache ikala vichipukizi vile, akiba inatumika tena. Ikitokea hivyo mara kwa mara mizizi inakufa, na mwaka unaofuata utakuta mahali pale pana magugu na udongo mtupu. Watu husema mvua imekuwa mbaya, na kweli mvua huwa mbaya miaka mingine, lakini mara nyingi ni nyasi iliyonyimwa nafasi ya kula jua. Hamisha kundi majani yakiwa bado na urefu wa kiganja, sentimita 15 hivi, na usirudi hadi yawe yameota vizuri.

Huku Mtwara mvua kubwa ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu. Kwa hiyo asiyeweka akiba ya majani makavu anategemea mabua. Kata majani yanapoanza kutoa maua. Ukisubiri mbegu zikomae utapata wingi, lakini sukari na protini zitakuwa zimepungua na nyuzi zimekuwa ngumu.

Majani yaliyokatwa hayafi papo hapo. Yanaendelea kupumua, yakichoma sukari uliyokusudia ng'ombe aile, hadi yakauke. Ndiyo maana yanatakiwa kukauka haraka. Mchana kutwa jani hujaza sukari na usiku huitumia, hivyo jani la alasiri lina sukari zaidi kuliko la alfajiri. Wapo wanaoshauri kukata jioni kwa sababu hiyo. Kwa pwani yetu yenye umande mzito, mimi ningekata asubuhi umande ukishakauka, ili majani yapate jua la siku nzima. Yatandaze, yageuze mara mbili kwa siku, na siku ya pili au ya tatu chukua konzi moja uisokote: yakikatika na mkono usisikie unyevu, yafunge marobota na uyapange juu ya uchaga chini ya paa. Ukifunga yakiwa mabichi, ndani yanapata joto na kuota ukungu, na lundo kubwa linaweza kuwaka moto lenyewe.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawawezi kumeng'enya nyuzi wenyewe. Vijidudu vilivyomo kwenye tumbo la kwanza ndivyo vinavyozivunja, na mnyama hupata nguvu kutokana na kile vinachotoa. Damu hupeleka chakula hicho na oksijeni hadi kwenye kila seli, yaani kila chembe ndogo ya mwili, na humo kinachomwa. Nguvu inayopatikana hutumika kwanza kuishi, kutembea na kupambana na joto. Maziwa na nyama hutokana na kinachobaki. Kila kilomita ya kufuata maji inakatwa humo. Chunga alfajiri na jioni, na saa za jua kali mifugo ipumzike kivulini.

Sasa jambo linaloua. Baadhi yenu mlifika kusini baada ya kuhamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, mkakuta mihogo kila upande. Majani ya muhogo, maganda mabichi na mihogo yenyewe, hasa ile michungu, hutoa sumu iitwayo sianidi yanapotafunwa. Machipukizi ya mtama, yanayoota kwenye visiki mvua zinaporudi, yana sumu hiyohiyo. Sianidi hufunga ule moto mdogo ndani ya seli. Mnyama anavuta hewa, damu inafika ikiwa na oksijeni tele, lakini seli haziwezi kuitumia. Anahema kwa kasi, anatokwa na mate, anayumba, anaanguka na kutetemeka, na huweza kufa ndani ya dakika chache. Ufizi na ndani ya kope huwa vyekundu sana.

Aliye hatarini zaidi ni mnyama mwenye njaa anayevamia shamba na kula kwa pupa. Kwa hiyo usipitishe kundi lenye njaa kando ya mihogo, lilishe kwanza. Usimpe mbuzi maganda mabichi yanayotoka jikoni. Mama anayemenya mihogo na kijana anayechunga wote walijue hili. Maganda na majani yakikatwa vipande vidogo, yakatandazwa juani hadi yakauke kabisa, sumu hupungua sana, na majani hayo yakichanganywa kidogo na malisho mengine huwa chakula chenye protini. Mtama uachwe hadi upite kiuno cha mtu mzima.

Ukiona dalili hizo, liondoe kundi lote shambani papo hapo na umpigie afisa mifugo kabla hujafanya kitu kingine. Sindano ya kutibu sumu hii ipo, lakini inafaa ikiwahi. Mnyama akiwa amekufa ghafla, usimchune wala kumpasua hadi afisa afike, kwa kuwa kimeta nacho huua ghafla.