HABA NA HABA HUPUNGUZA KIBABA

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kwa njia iyo hiyo kibaba huweza kupungua.

Asubuhi mwuza maharage huweka mzani wake mezani. Mshale hauanzii kwenye sifuri. Umesogezwa mbele kidogo tu, hata unapoonyesha kilo moja, sahani huwa na gramu 950. Mwenyewe hajihesabu kuwa mwizi. Hujiambia kwamba ushuru umepanda, na kwamba aliyemwuzia gunia alimpunja vilevile. Gramu 50 ni nini? Si ukufi mmoja wa maharage?

Akina mama na wafanye hesabu. Anunuaye kilo moja kila siku, mwaka ukiisha amepunjwa kilo 18 na robo. Naye mwuzaji mwenye wateja 40 kwa siku hubaki na kilo mbili zilizokwisha kulipiwa. Chakula hicho kimetoka katika sahani za watoto.

Nchini Uganda, Shirika la Taifa la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, hukagua mizani ya biashara na kubandika alama ya uthibitisho. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kusimama penye kila meza. Mnunuzi na atazame alama hiyo, kisha ahakikishe kuwa mshale umetulia kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa. Akiwa na shaka, apime lita moja ya maji katika chupa nyepesi ya plastiki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mzani ukionyesha kilo moja na gramu 100, usisingizie chupa.

Lakini majaribu hayako upande wa mwuzaji peke yake. Mtoto hutumwa dukani, akarudi na chenji iliyozidi kwa shilingi 500. Mama akisema, "Nyamaza, Mungu katujalia," amekwisha kuusogeza mshale katika moyo wa mtoto wake. Akisema, "Rudi, mwanangu, ukampe mwenyewe haki yake," mtoto atanung'unika kwa ajili ya jua, lakini atakwenda.

Mtoto huyo ndiye atakayeketi kesho nyuma ya mzani.