Kwenda Asia kwa Ndege: Kuchagua Kituo, Shirika na Muda wa Kuunganisha

Safari nyingi za ndege kutoka Afrika Mashariki kwenda Asia hupitia kituo kimoja njiani. Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou, mgonjwa anayepelekwa Chennai kwa matibabu na mwanafunzi anayekwenda chuo Kuala Lumpur hukabiliwa na swali moja: ndege iunganishwe wapi, na kwa shirika gani? Wengi hulijibu kwa kutazama nauli peke yake. Lakini nauli ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine hulipwa kwa saa za kusubiri, kilo za mizigo, viza na, mambo yakiharibika, tiketi mpya. Ndiyo maana inafaa kuanza na kituo, kisha shirika, kisha muda wa kuunganisha.

Kituo hupimwa kwanza kwa ramani. Umbali wa angani kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni takriban kilomita 8,700. Anayepitia Addis Ababa husafiri kama kilomita 9,800, na anayepitia Doha kama 10,000. Anayepitia Istanbul hufikisha kilomita 13,300, kwa sababu hupanda kaskazini hadi Uturuki ndipo ageuke mashariki. Kwa safari ya India tofauti ni kubwa zaidi: Dar es Salaam hadi Mumbai ni kilomita 4,700 hivi, lakini kwa kupitia Istanbul huzidi 10,000. Hata hivyo Istanbul ina nafasi yake, hasa kwa anayekwenda Asia ya Kati, katika miji kama Tashkent na Almaty.

Baada ya ramani huja mashirika. Zipo safari zisizohitaji kituo kabisa: Air Tanzania hutumia Boeing 787-8 kutoka Dar es Salaam kwenda Mumbai na Guangzhou, Kenya Airways hufika miji hiyohiyo kutoka Nairobi, na China Southern huunganisha Nairobi na Guangzhou. Kwa mgonjwa, mzee au mzazi mwenye watoto wadogo, safari ya namna hii mara nyingi inastahili nauli ya juu kidogo. Kabla ya kulipa, ni muhimu kujua ndege huruka siku zipi za wiki. Pasipo na ndege ya kila siku, safari moja ikifutwa abiria anaweza kusubiri siku kadhaa.

Mashirika yenye vituo vikubwa hutoa safari nyingi zaidi. Ethiopian Airlines, iliyoanza kwenda China mwaka 1973, huwaunganisha abiria Addis Ababa kuelekea India, China, Thailand, Korea Kusini na Japani. Qatar Airways hufanya hivyo Doha, na Emirates Dubai. Faida ya shirika lenye safari nyingi huonekana siku ya matatizo, kwa kuwa abiria aliyekosa ndege huweza kupangiwa nyingine mapema. Lakini kila kituo kina hatari yake. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na safari za maelfu ya abiria zikavurugika.

Miungano ya mashirika nayo ni ya kuzingatiwa. Ethiopian na Turkish Airlines, la Istanbul, wamo Star Alliance, Kenya Airways yumo SkyTeam na Qatar Airways yumo oneworld, ilhali Emirates hayumo katika muungano wowote kati ya hiyo. Mashirika ya muungano mmoja huuziana nafasi na kutambua pointi za abiria wa wenzao, jambo lenye manufaa kwa anayesafiri mara kwa mara.

Jambo zito kuliko yote katika kuunganisha ndege ni tiketi moja. Safari yote inapokuwa katika tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikaondoka, ni wajibu wa shirika kumtafutia abiria safari nyingine. Kwa kawaida mizigo nayo huandikiwa hadi mwisho wa safari. Anayenunua tiketi mbili zisizohusiana, moja hadi Dubai na nyingine kutoka Dubai hadi Bangkok, huubeba wajibu huo mwenyewe. Ndege ya kwanza ikichelewa, tiketi ya pili huweza kupotea bila fidia. Tena huenda akalazimika kupita uhamiaji, kuchukua mabegi na kuyasajili upya, na hapo huhitaji viza ya nchi ambayo hakukusudia kuingia. Punguzo linalopatikana kwa tiketi mbili ni nadra kufidia hatari hiyo.

Muda wa kuunganisha una kiwango cha chini kinachowekwa kwa kila uwanja, na mifumo ya tiketi hufuata kiwango hicho. Lakini kiwango hicho huchukulia kwamba ndege ya kwanza itafika kwa wakati. Saa mbili hadi tatu humpa abiria nafasi ya kupita ukaguzi na kulifikia lango bila kukimbia. Ikiwa ndege inayofuata iko mbali sana, baadhi ya mashirika hutoa hoteli kwa masharti maalumu. Masharti hayo yaulizwe kwa wakala kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya kutua huwa ni vigumu kuyabadili.

Hati za njiani hutegemea pasipoti ya abiria. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au Somalia, kwa mfano, kwa kawaida huhitaji viza ya kupitia uwanjani katika nchi za Ulaya za eneo la Schengen hata kama hatoki nje ya uwanja. Kwa hiyo kupitia Ulaya humwongezea gharama na wiki za kusubiri. India nayo hudai kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Ethiopia. Mtu aliyelala mjini katika nchi ya namna hiyo akiwa njiani huweza kuguswa na sharti hilo. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo hakifai kuachwa hadi wiki ya safari.

Kwa wafanyabiashara, mizigo huweza kugeuza hesabu yote. Utaratibu uliozoeleka ni mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, lakini nauli ya chini kabisa huweza kuruhusu pungufu, na kwa kawaida begi moja halipokelewi likizidi kilo 32. Pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, hubebwa mkononi tu, kamwe si katika begi la kusajiliwa. Tangu tarehe 28 Juni 2025, safari za ndani ya China haziruhusu pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya uthibitisho wa usalama wa bidhaa. Begi likiharibika, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 hutaka malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu lipokelewe. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu likabidhiwe.

Aina ya ndege pia ina uzito. Boeing 787 na Airbus A350 huweka hewa ya ndani sawa na ya mwinuko wa mita 1,800 hivi, ilhali ndege nyingi za zamani hufika 2,400, na mwili huchoka zaidi. Katika ndege yoyote, kukaa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Mwisho ni saa. Tiketi huandikwa kwa saa za mahali husika na kwa mfumo wa saa 24. Ndege ya 01:40 ya tarehe 12 huondoka saa saba na dakika arobaini usiku, na abiria anapaswa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 11. Kuchanganya tarehe hizo huwaacha wasafiri wengi nyumbani wakiwa na tiketi halali.

Tiketi bora ya kwenda Asia, basi, ni ile iliyo moja kwa safari nzima, inayopitia kituo kilicho upande wa safari, yenye saa mbili au tatu za kuunganisha na isiyodai viza ya njiani. Nauli zilinganishwe baada ya hayo yote kutimia.