Aliyempa Kipchoge Programu

Mwaka 2001 kijana mmoja wa Kapsisiywa, huko Nandi nchini Kenya, alimwendea Patrick Sang akamwomba programu ya mazoezi. Sang alikuwa jirani, lakini hakuwa jirani wa kawaida: alikuwa amerudi na medali ya fedha ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992. Kijana mwenyewe hakuwa na jina lolote katika riadha. Alilelewa na mama peke yake, mwalimu wa watoto wadogo, na baba yake alimjua kwa picha tu. Alikuwa akikusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka kuuza kwa baiskeli. Sang alimpa mazoezi ya wiki mbili. Wiki mbili zilipokwisha, kijana akarudi kuomba mengine, akaenda, akarudi tena. Ilichukua muda Sang kujua jina lake, na alipolijua akagundua kwamba huyu alikuwa mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea. Mwaka 2003 jijini Paris, akiwa na umri wa miaka 18, Eliud Kipchoge aliwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika fainali ya mita 5,000 ya ubingwa wa dunia.

Hadithi hii inasimuliwa sana, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Katika hotuba za mahafali, mahubiri na semina za vijana tunaachiwa kijana wa maziwa na baiskeli, kisha tunarukishwa hadi Berlin na Vienna. Anayedondoka katikati ni Sang. Nami nashikilia kwamba sehemu hiyo inayodondoka ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa msomaji. Juhudi za maskini hazijapungua Afrika Mashariki. Anayefika stendi saa kumi na moja alfajiri huzikuta zimeshaamka: mama wa mbogamboga na matenga yake, utingo, mwanafunzi anayetembea gizani kuwahi namba. Kinachopungua ni mtu au taasisi ya kuzipokea juhudi hizo, kuzipima, kuzielekeza na kuzigharamia mpaka zizae. Mtu tunayemsifu kwamba amejijenga mwenyewe, karibu kila mara ni mtu ambaye juhudi zake zilipata mpokeaji.

Kusema hivi si kumpunguzia Kipchoge hata chembe. Hakuna aliyemfuata kwao kumkumbusha kwamba wiki mbili zimekwisha. Alirudi kwa miguu yake. Na hata alipokuwa ameshapata mali na sifa, aliendelea kulala kambini Kaptagat siku za juma, katika chumba cha kawaida, akipokezana zamu na wenzake ya kufagia, kuteka maji na kusafisha vyoo, na kila siku akiandika mazoezi yake katika daftari. Rekodi zake mbili za dunia za Berlin, saa 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022, zilitoka katika nidhamu hiyo, na nidhamu hairithishwi wala haikopeshwi. Lakini tazama pia ile siku ya tarehe 12 Oktoba 2019 alipomaliza kilomita 42 za marathoni jijini Vienna kwa saa 1:59:40. Wadhibiti kasi 41 walipokezana kumzunguka na kumkinga na upepo, baadhi yao wakiwa mabingwa kwa haki yao wenyewe. Ukuta ule wa saa mbili ulivunjwa na mtu mmoja akiwa katikati ya watu.

Wengine hutafuta jibu katika milima na hewa nyembamba ya Bonde la Ufa. Hewa inasaidia, sawa, ila hewa hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla ya medali ya kwanza. Kilichobadilika ni wapokeaji. Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968, alikuwa polisi, na kwa miaka mingi polisi, jeshi na magereza ndivyo vilivyompa mwanariadha wa Kenya mshahara pamoja na nafasi ya kufanya mazoezi. Kisha mwaka 1976 akaja Iten Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland, kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kutazama wavulana wanavyokimbia, kuwauliza maswali na kukaa. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988, na Wilson Kipketer, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800. Baadaye O'Connell huyohuyo ndiye aliyemlea David Rudisha hadi akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Vipaji vya namna hiyo havikuzaliwa Iten peke yake. Lakini Iten kulikuwa na mtu mmoja aliyekubali kukaa mahali pamoja miaka mingi, akiwangojea wavulana na wasichana watakaokuja.

Hadithi iliyokatwa huficha jambo jingine pia, nalo ni gharama ya kushindwa. Mwaka huohuo wa 2012 Kipchoge alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya ya kwenda London. Alikuwa na miaka 27, na wengi waliona kwamba zamu yake imepita. Mwezi Aprili 2013 akaingia marathoni kwa mara ya kwanza, Hamburg, akashinda. Katikati ya hayo mawili hakurudi kuanza upya. Alikuwa na kocha, kambi, wasimamizi na akiba ya miaka kumi ya mashindano. Mkimbiaji mwenye kifua kilekile lakini asiye na kambi, mwenye ada za wadogo zake shingoni, angekwenda kulima. Maskini huruhusiwa kukosea mara moja tu. Mwenye wa kumpokea hukosea, akajipanga, akajaribu njia nyingine.

Ndivyo ilivyo hata katika biashara. Reginald Mengi alizaliwa katika familia ya kimaskini Machame, Kilimanjaro, na alipofariki mwaka 2019 aliacha kampuni za IPP zenye magazeti, redio na televisheni ya ITV, na kiwanda cha vinywaji cha Bonite mjini Moshi. Kinachosimuliwa zaidi ni peni: katika miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, alianza kuunganisha peni nyumbani kwake. Ni kweli, na lilikuwa jambo la ujasiri. Ila mtu aliyekaa kuunganisha peni zile alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, mmoja wa viongozi wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand nchini. Peni zingemharibikia, familia ingekula. Kumwambia kijana asiye na mshahara aige zile peni bila kumwambia habari ya ile ajira ni kumpeleka mtoni bila kumwonyesha kivuko.

Hapa mtu atauliza: na Saniniu Laizer je? Mchimbaji mdogo wa Mirerani, mfugaji wa Kimasai, ambaye mwezi Juni 2020 aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo zaidi ya tisa na jingine la zaidi ya tano, akalipwa shilingi bilioni 7.74. Yeye alimpata wapi mpokeaji, zaidi ya sururu na bahati? Bahati ilikuwapo, na ni uaminifu kuitaja, maana katika mashimo yaleyale wapo waliochimba kwa bidii ileile wakatoka na vumbi. Lakini bahati ya Laizer ilitua mahali palipoandaliwa. Mwaka 2018 eneo la machimbo lilikuwa limezungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 20 kuzuia utoroshaji, na kuanzia mwaka 2019 yakafunguliwa masoko ya madini ambamo mchimbaji mdogo anapimiwa jiwe lake hadharani na kupewa bei inayojulikana. Bila utaratibu huo, jiwe kubwa mikononi mwa mtu asiye na nguvu humtajirisha dalali kwanza.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wazazi na walimu: ukimwambia kijana kwamba anahitaji wa kumpokea, umempa kisingizio, ataketi kungoja mfadhili. Naielewa hofu hiyo, ila naona inatazama upande usiofaa. Kipchoge hakungoja, alimtafuta Sang, akamrudia hadi akajulikana. Kujua kwamba utahitaji mtu ndiko kunakokuondoa nyumbani kwenda kumtafuta. Anayeumizwa ni kijana aliyeambiwa kwamba juhudi peke yake zinatosha. Akijitahidi miaka mitano asifike, hukubali kwamba kasoro ni yake, na hapo huwa chakula rahisi cha wauza semina na waendesha upatu wanaomwahidi njia ya mkato. Ni kweli pia kwamba wapo waliopewa programu na makocha haohao wasifike popote. Hilo linathibitisha kwamba juhudi na kipaji ni lazima. Halithibitishi kwamba vinatosha. Na kati ya yote matatu, kipaji hatukigawi sisi, juhudi anazo mwenyewe, kilicho mikononi mwa jamii ni mapokezi tu.

Mapokezi hayo si lazima yawe ghali. Programu ya Sang ilimgharimu muda na uvumilivu wa kuulizwa tena na tena. O'Connell alikuwa na ajira ya ualimu na kiwanja cha shule. Vingi vya vitu hivi tunavyo tayari: walimu wa michezo wasiopewa kipindi kwenye ratiba, viwanja vya shule vinavyomegwa kuwa maduka, mafundi na wahasibu wastaafu wanaokaa na ujuzi wao bila wa kuurithi. Kwa hiyo wahariri na walimu, tunapomsimulia aliyetoka chini, tuulize nani alimfundisha, nani alimlipia, na alipoanguka alikula nini. Nanyi mliofanikiwa wenyewe, mkialikwa kuzungumza na vijana, watajeni waliowapokea kwa majina na mweleze walichowapa, ili kaunti, halmashauri na vyama vya ushirika vijue hasa cha kutengea fedha.