Kompyuta Inauonaje Mlima Wetu?

Ndugu mkulima, swali hili nimeulizwa mara nyingi hapa Igamba: "Bwana Shamba, redio inasema nchi inazidi joto. Je, kahawa tung'oe?" Usiing'oe bado. Kwanza tuelezane hesabu hizo hufanywaje.

Kompyuta za hali ya hewa huigawa dunia katika vipande, kama majaruba ya mpunga. Katika nyingi ya zile zinazotazama miaka 50 mbele, kipande kimoja kina upana wa kilometa 100 hivi, nacho hupewa kimo kimoja tu. Sasa pima kilometa 100 kutoka hapa Mbozi. Ukishuka kaskazini unalikuta bonde la Ziwa Rukwa, meta 800 hivi juu ya bahari. Mashariki kuna Mlima Rungwe, unaokaribia meta 3,000. Kompyuta huvikoroga vyote pamoja kama uji.

Hasara yake ni hii. Kwa wastani, ukipanda meta 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi za sentigredi. Tuseme kipande chetu kimepewa kimo cha meta 1,200, na shamba lako liko meta 1,600. Joto utakalotajiwa litazidi la kwako kwa nyuzi 2 na nusu hivi. Mwenzako wa bondeni naye ataambiwa kuna baridi kuliko ilivyo. Na nyuzi 2 kwa kahawa ya arabika si mchezo.

Tena kuna jambo la pili. Jua la asubuhi hupasha mteremko, mteremko hupasha hewa, hewa ile hupanda, na alasiri mawingu hujikusanya juu ya vilima. Usiku hewa baridi huteremka. Wenye bustani za mabondeni mnaijua. Mlima uliosawazishwa hauna miteremko hiyo, na kompyuta nyingi huangusha mvua adhuhuri badala ya alasiri. Wataalamu wa Uingereza walipojaribu vipande vya kilometa 4.5 kwa Afrika nzima, wakatoa matokeo mwaka 2018, saa za mvua zilikaribia ukweli zaidi. Lakini kazi hiyo inakula mitambo kweli kweli, haifanywi kila siku.

Basi, joto kuongezeka ni kweli, maana hata vipimajoto vya vituo vimelionyesha. Cha kutilia shaka ni namba ya mteremko wako. Ukisikia nyongeza ya nyuzi 2, ijumlishe na joto la shamba lako mwenyewe, si na lile la kipande kizima.

Na la shamba lako utalijuaje? Nunueni kipimajoto kimoja kwa kikundi. Kitundikeni kivulini penye upepo, meta 1 na nusu kutoka ardhini, mbali na bati na moshi wa jikoni. Andikeni asubuhi na alasiri. Mkienda Mbimba kwa wataalamu wa kahawa kuulizia miche, chukueni na daftari hilo.